Gigabaiti Themanini na Nane

Mama alikataa kamera izimwe.
"Mtu akipika," alisema, "hamsubiri mwenye mashine."
Nikaiacha rafuni, kati ya chumvi na redio,
ikarekodi saa tatu na dakika kumi na moja:
nyama ya sili, shayiri, vitunguu, mvuke,
na mgongo wake, muda mwingi mgongo wake.

Sasa Bolethe anaitaka, kule Aalborg.
Hakuwahi maziko. Ukungu ulifunga uwanja siku tano
na mama hakuwa mtu wa kusubirishwa.

Hapa Tasiilaq hakuna kebo iliyotukumbuka chini ya bahari.
Kila tunachosema hupanda juu kwanza,
kikagonga setilaiti,
ndipo kikawashukia watu wenye barabara.

Mpwa wangu akanishauri: "Ibane. Ishushe ubora kidogo.
Itafika kabla kahawa haijapoa."
Nikajaribu. Mvuke ukawa miraba.
Vidole vya mama vikawa miraba,
na pale alipogeuka kunitazama, mara ile moja tu,
uso ulikuwa wa mtu yeyote.
Ile ndogo nikaifuta.

Nikapakia nzima.

Mstari wa buluu ukaanza kutambaa.
Zimebaki saa sita, ukasema.
Zimebaki siku mbili.
Zimebaki dakika nne.
Zimebaki siku tisa.
Nimeishi na wanaume wawili waongo,
hakuna aliyeongopa kwa utulivu namna hii.

Wanasema faili haisafiri ikiwa nzima.
Hukatwakatwa, kila kipande na namba yake,
kama mnyama anayegawiwa majirani,
na kipande kikipotea njiani
upande wa pili huita: leta elfu nne na kumi,
leta elfu nne na kumi,
bila hasira, bila kuchoka, mpaka kiitike.
Usiku ule niliitamani namba ya mama.

Asilimia thelathini na moja. Theluji ikasimama wima dirishani.
Taa ya modemu ikawa nyekundu.
Haba na haba, ndiyo,
lakini kibaba chenyewe kikitoboka?

Asubuhi akaja Gerth, anayepanga mizigo ya helikopta.
"Nipe diski," akasema. "Mkono ungali na kasi kuliko anga."
Diski ilikuwa kama kipande cha sabuni.
Nikaitia ndani ya soksi ya sufu, soksi ndani ya kopo la biskuti,
nikaandika jina la dada yangu mara mbili
kana kwamba kopo lingesahau.

Helikopta haikuruka.
Si Jumanne. Si Jumatano.
Kopo likakaa kwa Gerth, juu ya friji,
na mstari wangu wa buluu ukaendelea kutambaa,
mbio za konokono wawili, mmoja amelala.

Alhamisi usiku simu ikalia. Bolethe.
Hakusema hujambo.
"Nimefungua kilichofika."
"Haijakamilika, itagoma."
"Haijagoma. Iko dakika ya arobaini.
Anamenya vitunguu. Amekugombeza kuhusu kisu."
Nilikuwa nimekisahau kisu.
"Kisha?"
"Kisha picha inaganda, ameinua kifuniko.
Nasubiri."

Tukanyamaza, kila mmoja na mstari wake.
Mimi napakia, yeye anapakua.
Ni kazi ileile ya jikoni:
mmoja anajaza chungu, mwingine ameshika bakuli,
na katikati yetu maji yasiyotaka kuharakishwa.

"Nimtume Gerth kesho, kukiwa kweupe?"
"Mtume," akasema. Kisha, baada ya kitambo:
"Lakini usiuzime huo.
Maji bado hayajachemka."